Sauzi haina viza, mbona jirani yangu alirudishwa?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi nauza nguo hapa Mwanza. Dada yangu anaishi Johannesburg, na Desemba nataka kwenda kumtembelea kwa siku 10 pamoja na binti yangu wa miaka 9. Nikipata nafasi ninunue na nguo kidogo. Ninavyojua Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini. Lakini jirani yangu mwaka jana alirudishwa pale pale uwanjani Dar, ndege hata hakuipanda. Kama viza haihitajiki, walimrudisha kwa nini? Na mimi niandae nini? Baba wa mtoto tuliachana, ila hatuna ugomvi.*

Marahaba, mdogo wangu. Mpe jirani yako pole, nauli ya Sauzi si hela ya kupotea hivi hivi. Huu ni mwaka wa 17 nakata tiketi na kuandaa safari za watu hapa Dar es Salaam, na wengi niliowaona wakilia pale uwanjani walikuwa wanakwenda nchi zisizo na viza. Anayeomba viza anahojiwa ubalozini wiki kadhaa kabla. Karatasi ikipungua anaambiwa akailete, anarudi nyumbani, anaileta. Wewe usiyeomba viza hujaulizwa na mtu yeyote. Maswali ni yale yale, ila unaulizwa siku ya safari, nauli umeshalipa, mabegi yameshafungwa na nyuma yako kuna foleni. Kwa hiyo jiandae kana kwamba unaomba viza. Hilo ndilo jibu langu, na yanayofuata ni namna ya kulitekeleza.

Tuanze na haki yenyewe. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi, siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Hizo 90 ni jumla. Ukienda mara tatu kwa mwaka, siku za safari zote zinajumlishwa. Wakenya wamepata ruhusa kama hiyo tangu Januari 2023, kabla ya hapo walikuwa wanapanga foleni ya viza. Watu wengi hudhani ruhusa hii inatokana na SADC. Itifaki ya SADC ya watu kutembeleana kweli ilisainiwa mwaka 2005, na inazitaja siku 90, lakini imekaa miaka mingi bila kuanza kutumika kwa sababu nchi zilizoiridhia hazikutosha. Kinachokubeba wewe ni ruhusa ambayo Afrika Kusini imewapa wenye pasipoti yetu. Ukiwa na shemeji mwenye pasipoti ya nchi nyingine, hata kama ameishi Mwanza miaka 20, aangalie masharti ya pasipoti yake, asifuate ya kwako.

Sasa jirani yako. Mtu anayerudishwa Dar kabla ya kupanda ndege, mara nyingi aliyemkatalia si Uhamiaji. Ni shirika la ndege. Abiria akikataliwa kule anakokwenda, shirika lililompeleka ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Ndiyo maana yule binti wa kaunta anayepima mabegi yako ndiye mkaguzi wako wa kwanza. Mbele yake kuna kompyuta yenye mfumo unaoitwa Timatic, ambao mashirika ya ndege karibu yote duniani huutumia. Anaingiza uraia wako, unakokwenda, unakopitia, na mfumo unamwambia masharti. Ukipungukiwa hata na moja, hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Nilisimama pembeni siku moja pale Terminal 3 nikimsindikiza mteja. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja na mtoto mdogo mgongoni. Mhudumu aliifungua pasipoti, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza. Kwenye ukurasa wenye picha mtoto alikuwa amechora kwa kalamu ya wino, mistari miwili tu ya buluu, mmoja umepita juu ya tarehe ya kuzaliwa. Mama akasema, "Ni mtoto huyu, dada yangu." Kila mtu pale aliona kwamba anasema kweli. Hakusafiri. Nakusimulia hili kwa sababu pasipoti yako iko kabatini wakati huu na hujaitazama muda mrefu. Itoe leo. Tazama kama imelowa, imechanika, imechorwa, au kama ule ukurasa mgumu wenye chipu umepinda.

Kisha tazama tarehe ya mwisho. Afrika Kusini wanataka pasipoti iwe hai angalau siku 30 baada ya siku unayopanga kuondoka kwao. Nchi nyingine hudai miezi sita, na mimi humshauri kila mteja wangu afuate hiyo miezi sita, maana ndege ikikupitisha nchi nyingine utakutana na masharti yake. Pasipoti zetu za kielektroniki zilianza Januari 2018 na za watu wazima hudumu miaka 10, kwa hiyo kama wewe ulikuwa miongoni mwa waliowahi, yako inakaribia ukingoni. Ya mtoto itazame peke yake, usidhani inakwenda na ya kwako. Uwe pia na kurasa mbili tupu kabisa za kugongwa muhuri. Wewe mfanyabiashara unayepita Namanga na Mutukula kila mara, kurasa zinakwisha bila mwenyewe kugundua.

Tiketi lazima iwe ya kwenda na kurudi. Hapa ndipo watu wanapouzwa. Kuna vijana mitandaoni wanauza wanachokiita tiketi ya kuonesha, karatasi nzuri yenye nembo ya shirika. Jua tofauti. Ile namba fupi iliyochanganya herufi na tarakimu, jumla sita, ni ya kushikilia nafasi tu, na nafasi isiyolipiwa hufutika yenyewe. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Mhudumu wa kaunta anaiona kwenye kompyuta ndani ya sekunde chache, na akishaona karatasi moja ya uongo, zile nyingine za kweli nazo anazitilia shaka. Hakikisha pia majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwanaidi na Mwanahidi ni watu wawili kwa kompyuta.

Ukifika OR Tambo, uwanja wa ndege wa Johannesburg, utakutana na mkaguzi wa pili, afisa wa mamlaka ya mipaka ya Afrika Kusini. Huyu ndiye mwenye uamuzi. Msamaha wa viza unakufikisha mbele yake tu, haukuvushi. Anataka kujua mambo manne. Umekuja kufanya nini, utalala wapi, utaishi kwa hela gani, na utaondoka lini. Maswali yatakuwa ya Kiingereza, na najua hilo linawatisha wengi. Kiingereza kibovu hakimrudishi mtu. Kinachomrudisha ni majibu yasiyofanana na karatasi zake.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, kwa sababu Kiswahili chetu chenyewe kinaweza kukuponza. Sisi tukitembea tunasema "nakwenda kuangalia maisha", "nakwenda kujaribu bahati". Ni maneno ya kawaida tu, hayana ubaya. Ukiyatafsiri mbele ya afisa wa uhamiaji yanamaanisha umekuja kutafuta kazi, na kutafuta kazi kwa ruhusa ya matembezi hakuruhusiwi. La pili ni hilo neno biashara. Wewe kwako biashara ni kununua magauni 30 ukayauze Mwanza. Yeye akisikia umekuja kufanya biashara anaelewa unafungua kampuni au duka nchini kwake, jambo lenye kibali chake. Sema ukweli wako kwa maneno yake kamili: nimekuja kumtembelea dada yangu kwa siku 10, nitanunua nguo, tarehe fulani narudi nyumbani. Sentensi hiyo moja ijifunze kwa Kiingereza. Usikariri hotuba. Jibu ulichoulizwa, nyamaza, ngoja swali linalofuata.

Nyuma ya sentensi hiyo ziwepo karatasi, na ziwe mkononi. Usiziweke kwenye begi kubwa, utalikuta upande wa pili baada ya kugongewa muhuri. Dada yako akuandikie barua fupi yenye anwani kamili ya nyumba, namba ya simu, siku utakazokaa na uhusiano wenu, aambatishe nakala ya kitambulisho au kibali chake cha kuishi na kitu kinachoonyesha anakaa hapo, kama bili ya umeme. Siku unayofika awe hewani. Nimeona mtu amekaa kwenye benchi la pembeni kwa muda wa saa tano kwa sababu mwenyeji wake alikuwa kazini na simu imezimwa.

Na kama kibali cha dada yako hakijakaa sawa, niseme bila kuzunguka: usiende na barua yake. Utajiumiza wewe na utamuumiza na yeye. Lipia nyumba ya wageni, ulale hapo kweli, na hiyo ndiyo iwe anwani yako. Wala usidanganye kwamba huna ndugu, ukiulizwa sema unaye.

Kuhusu hela, hakuna kiasi kimoja nitakachokutajia. Afisa anapima siku zako 10 dhidi ya ulichonacho. Chukua taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyogongwa muhuri wa tawi, kadi inayofanya kazi nje ya nchi, na dola au randi kiasi. Noti za randi usivuke 25,000, ndiyo kikomo cha kuingia nazo. Kwa mfanyabiashara kama wewe kuna kitu kinachozidi hata hela, nacho ni ushahidi kwamba una cha kurudia. Leseni ya biashara, TIN, mkataba wa pango la duka, barua ya shule ya mtoto inayosema muhula unafunguliwa lini. Hiyo barua ya shule inadharauliwa sana, na mimi naipenda kuliko zote. Mama mwenye mtoto anayetakiwa darasani Januari anaeleweka na afisa yeyote.

Akiridhika atagonga muhuri. Usiondoke dirishani hujausoma. Utaona tarehe ya mwisho ya kukaa, na tarehe hiyo ndiyo sheria yako kuanzia dakika ile. Zile siku 90 ni kikomo cha juu, afisa anaweza kukupa chache kuliko hizo akitazama tiketi yako ya kurudi. Nina mteja alipewa siku zinazolingana na tiketi yake. Ndege ikaahirishwa, yeye akaona afadhali, akaongeza siku tatu za kupumzika na wenzake, akijua ana siku 90. Alipotoka alipewa karatasi kwamba ametangazwa mtu asiyetakiwa nchini humo kwa miezi 12. Kanuni za uhamiaji za Afrika Kusini za mwaka 2014 ndivyo zinavyosema: ukizidisha hata siku moja, mpaka 30, unafungiwa miezi 12. Ukirudia kosa ndani ya miaka miwili, unafungiwa miaka miwili. Ukizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka mitano. Una siku 10 za kazi za kuomba wakuondolee, kwa maandishi na ushahidi. Kwa hiyo ukiugua au ndege ikifutwa, omba karatasi ya hospitali au ya shirika la ndege siku hiyo hiyo na uitunze.

Sasa binti yako. Mwaka 2015 Afrika Kusini waliweka sharti kali, kila mtoto wa chini ya miaka 18 aje na cheti kirefu cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote, na akisafiri na mzazi mmoja awepo na barua ya yule mwingine. Lengo lilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto. Familia nyingi ziliachwa viwanjani duniani kote, na Novemba 2019 wakalegeza kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao. Ukisoma haraka utasema basi, karatasi hazihitajiki. Mimi nasema nenda nazo zote. Afisa bado anaweza kuziomba akiingiwa na shaka, na mama anayesafiri na mtoto bila baba ndiye anayetazamwa mara mbili.

Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, chenyewe na nakala yake. Linganisha jina lako lililo kwenye cheti na lililo kwenye pasipoti yako. Hapa wanawake wengi wanakwama, kwa sababu cheti kiliandikwa kwa jina la nyumbani na pasipoti imetoka kwa jina la NIDA. Yakipishana, nenda kwa wakili ukaapiwe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni yako. Kisha baba yake aandike barua ya ridhaa kwa Kiingereza, itaje jina la mtoto na namba ya pasipoti yake, itaje kwamba anasafiri na wewe, tarehe za kwenda na kurudi na mahali mtakapokaa. Asaini mbele ya wakili, aambatishe nakala ya kitambulisho chake na namba ya simu inayopatikana. Nashukuru umesema hamna ugomvi. Mueleze mapema na kwa heshima, asije akaona kama unamlazimisha wiki ya mwisho. Na mtoto mwenyewe mwambie anakwenda wapi, kwa nani na atarudi lini. Maafisa huinama wakamuuliza, na mtoto anayejibu "nakwenda kwa mama mkubwa" anafungua mlango kuliko barua zote.

Homa ya manjano. Ukiruka moja kwa moja kutoka Dar kwenda Johannesburg, Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi hatarishi. Ila tiketi za bei nafuu hupita Nairobi au Addis Ababa, na Kenya na Ethiopia zimo. Ukikaa kwenye uwanja wa nchi hatarishi zaidi ya saa 12, utadaiwa kadi ya chanjo. Ndege ikichelewa, saa tisa zinageuka 14 bila wewe kupenda. Chanjeni wote wawili. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ya uwanjani asubuhi ya safari haikusaidii. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, usikubali kuuziwa kwamba imekwisha muda.

Kama mtaamua kwenda kwa basi kuokoa nauli, fahamu kwamba mtapita Tunduma, Zambia, Zimbabwe na Beitbridge, na kila mpaka una dirisha lake na maswali yake. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, nchi zote mbili zinakagua mahali pamoja tangu 2009, na Tunduma nako ni hivyo tangu 2019, ila Beitbridge ni foleni mbili. Tatizo la njia hii ni wale vijana wanaokusanya pasipoti za abiria wote "wakagonge kwa haraka". Usimpe mtu pasipoti yako. Muhuri uliogongwa wewe ukiwa umelala ndani ya basi unaweza kuwa wa maghumashi, na utaligundua hilo siku ya kutoka. Shuka, panga foleni, simama mwenyewe dirishani na mtoto wako.

Ukikataliwa pamoja na yote haya, usipige kelele na usisaini usichokielewa. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 8 cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2002 kinakupa haki ya kuomba Waziri auangalie upya uamuzi huo. Kama ndege iliyokuleta iko karibu kuondoka, omba pale pale, vinginevyo una siku tatu. Ubalozi wetu uko Pretoria. Andika namba yake kwenye karatasi kabla hujaondoka Mwanza, simu huisha chaji wakati usiotakiwa. Wiki moja kabla ya safari hakikisha tena masharti kwa shirika la ndege lenyewe, yanabadilika katikati ya mwaka bila kutangazwa huku kwetu.

Mwisho, zawadi. Najua dada yako atakuomba vitu vya nyumbani. Dawa beba za mwezi mmoja tu pamoja na cheti cha daktari. Nyama, maziwa, matunda na mbegu havipiti bila kibali, na asali nayo hivyo hivyo, hata ile ya Tabora aliyoililia kwenye simu mwezi mzima. Mpelekee kanga.